Kumbe Bado Upo?

Nilikuwa dirishani nilipowaona majirani wakipita na viti. Wengine walibeba kimoja kimoja kichwani, vijana wawili walishikana benchi refu, na mama mmoja wa makamo alitangulia akiwaelekeza pa kukatia kona, kama mtu aliyekwisha kuongoza shughuli nyingi za namna ile. Wote walielekea nyumba ya tatu kutoka kwetu, kwa bibi ambaye utotoni nilitumwa kwake kila nyumbani palipopungukiwa na kitu. Nilitoka nje, nikamwamkia yule mama na kumuuliza kulikuwa na nini.

"Marahaba, mwanangu," aliitikia, kisha akasimama na kunitazama vizuri. "Kumbe bado upo? Tulidhani umeshaondoka. Bibi anahamia kwa binti yake, jioni hii tunamuaga. Njoo, karibu."

Nilikwenda. Nilipewa kiti, nikasalimiwa kwa furaha, nikaulizwa habari za huko nilikotoka. Hakuna aliyenitendea vibaya, na pengine ndiyo sababu jambo lile lilinikaa moyoni wiki nyingi bila kupata pa kulitua. Nilikuwa nimerudi miezi mingi kabla ya siku hiyo. Nililala katika nyumba niliyokulia na kuamshwa na sauti za mtaa uleule. Bibi aliyekuwa anaondoka alikuwa na mtaa mzima wa kumuaga, na mimi niliyerudi sikuwa na hata mtu mmoja aliyekumbuka kunijulisha.

Tulidhani umeshaondoka.

Jambo dogo lisilotaka kuisha

Kwanza nilijaribu kulipuuza. Mtu mzima, nilijiambia, haoni uchungu kwa sababu hakualikwa kwenye shughuli ya jirani, hasa ikiwa alipojitokeza alipokewa kwa mikono miwili. Watu wana mengi. Ujumbe husahaulika, na aliyekusudia kukuarifu huenda alidhani mwenzake ameshafanya hivyo.

Lakini maneno yale hayakuwa ya mtu aliyesahau. Aliyesahau husema, "Samahani, imenipitia." Yule mama hakuwa na la kuombea radhi, kwa kuwa katika hesabu ya mtaa mimi sikuwapo. Nilikuwa nimewekwa kwenye fungu la watu wanaokuja na kuondoka, na hakuna anayetolewa katika fungu hilo kwa sababu tu ameonekana akipita barabarani asubuhi.

Mwaka 1995 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Roy Baumeister na Mark Leary, walichapisha hoja ambayo imerejelewa mara nyingi sana tangu wakati huo: kwamba kuhitaji kuwa wa mahali fulani na wa watu fulani ni hitaji la msingi la binadamu, na kwamba hitaji hilo lina sehemu mbili zinazokwenda pamoja. Ya kwanza ni kukutana na watu mara kwa mara kwa wema. Ya pili ni kwamba kukutana huko kuwe ndani ya uhusiano unaodumu, ambao kila mmoja anamjali mwenzake na anajua kwamba atamjali kesho pia. Moja bila nyingine haimtoshelezi mtu.

Nilipoisoma hoja hiyo niliiona hali yangu imeelezwa. Sehemu ya kwanza nilikuwa nayo tele. Mtaani kwetu mtu hawezi kufika mwisho wa barabara bila kusalimiwa na watu saba, na wote hao walinisalimu kwa jina langu. Iliyokosekana ni ya pili, ile ya kesho.

Wala hili si suala la hisia peke yake. Mwaka 2010 Julianne Holt-Lunstad na wenzake waliunganisha matokeo ya tafiti 148 zilizohusisha watu zaidi ya 300,000, na wakaona kwamba watu wenye mahusiano imara walikuwa na uwezekano wa kuendelea kuishi uliozidi kwa asilimia 50 ule wa watu wenye mahusiano hafifu, katika kipindi walichofuatiliwa. Sikuwa nikinung'unikia viti.

Mgeni asiyehesabiwa ugeni

Kuhamia mji usioujua ni kazi ngumu, lakini ni kazi inayoeleweka na kila mtu. Mgeni huuliza njia bila haya. Huambiwa nani ni nani, nani hazungumzi na nani, mlango upi hubishwa na upi huingiwa tu. Akivuruga jambo husamehewa, kwa kuwa bado hajajua. Na yeye mwenyewe hujua kwamba hajui, kwa hiyo hukaa macho, husikiliza, hujifunza.

Anayerudi kwao hana hata moja kati ya ruhusa hizo. Ni nani atakayemwelekeza mtu barabara aliyochezea? Ni nani atakayemweleza kwamba familia mbili zilizokuwa chanda na pete zimegombana miaka sita iliyopita, au kwamba kijana aliyemwacha akinyonya sasa ndiye anayesikilizwa na rika lake lote? Kila mtu anadhani anajua. Na yeye mwenyewe, jambo ambalo ni baya zaidi, anadhani anajua.

Mwanasosholojia Alfred Schutz, mzaliwa wa Vienna aliyekimbilia Marekani mwaka 1939 kwa sababu ya utawala wa Wanazi, aliandika makala mbili zinazofuatana kama maswali mawili ya mtihani mmoja. Ya mwaka 1944 ilimhusu mgeni. Ya mwaka 1945, vita vikiwa vinaisha na askari wakijiandaa kurejea makwao, ilimhusu anayerudi nyumbani. Katika hiyo ya pili alianza na Odysseus, yule mfalme wa masimulizi ya Wagiriki wa kale, aliyeshushwa ufukweni mwa kisiwa chake akiwa usingizini baada ya kutamani kufika kwa miaka 20, akaamka asikitambue. Mgeni, alieleza Schutz, hutarajia kukuta mambo mapya. Anayerudi hutarajia kukuta mambo yake, na ndiyo maana mshangao wake ni mkubwa kuliko wa mgeni.

Sehemu ya makala hiyo iliyonisimamisha ni ile inayowageukia waliobaki. Schutz haoni kwamba ni msafiri peke yake aliyebadilika, wala kwamba ni mji peke yake. Msafiri alipokuwa mbali, kila upande ulibaki na picha ya mwenzake, ukaitunza na kuipenda, na picha hiyo haikukua. Siku ya kukutana, msafiri hutafuta mtaa ambao haupo tena, na mtaa humsubiri mtu ambaye hatafika kamwe, kwa sababu yule waliyemsindikiza hakurudi. Aliyerudi ni mwingine mwenye jina lake.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote kama ahadi, na ni ahadi kweli, lakini inaahidi marejeo tu. Haisemi kwamba ngamani patakuwa kama tulivyopaacha.

Dawa ya mwaka 1688

Mwaka 1688 Johannes Hofer, mwanafunzi wa udaktari mjini Basel, aliandika tasnifu kuhusu watu waliodhoofika kwa hamu ya kurudi kwao. Aliihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa, na tiba aliyoiamini kuliko nyingine zote ilikuwa kumrudisha mgonjwa nyumbani.

Simlaumu. Hata mimi nilijiandikia dawa hiyohiyo. Miaka niliyokaa mbali, kila nilipochoka na mji ule wa kazi, nilijipa moyo kwamba kuna mahali ambapo sihitaji kujieleza. Ilikuwa fikra tamu, na iliniwezesha kuvumilia mengi. Sasa ninatilia shaka kama nilikuwa nikitamani mahali au nikitamani umri.

Ninapochambua kumbukumbu zangu za nyumbani, zile zinazonipa joto, karibu zote zina jambo moja linalofanana: ndani yake sina wajibu wowote. Wakubwa wanaamua, wakubwa wanagharimia, wakubwa wanapatana na kukosana, na mimi nacheza katikati ya mambo waliyokwisha kuyapanga. Nilihesabiwa kuwa wa pale bila kufanya lolote, kwa sababu mtoto ni wa pale kwa kuzaliwa. Kisha nikarudi nikiwa na umri wa wale wakubwa, nikakaa kungoja kuhesabiwa kwa njia ileile ya mtoto.

Dawa ya Hofer humrudisha mtu mahali. Kumrudisha mtu kwenye wakati hakuna daktari awezaye.

Saa ambazo utotoni zilitolewa bure

Nilianza kujiuliza urafiki wa utotoni ulitengenezwaje hasa, maana sikumbuki kuufanyia kazi. Jibu lake halina ushairi. Ulitengenezwa na ukaribu na wingi wa saa.

Leon Festinger, Stanley Schachter na Kurt Back walichapisha mwaka 1950 uchunguzi wao juu ya nyumba za wanafunzi wenye familia katika chuo cha MIT, Marekani. Wakazi wale walipangiwa nyumba bila kuchagua majirani. Hata hivyo, miongoni mwa waliopakana mlango kwa mlango, asilimia 41 walitajwa kuwa marafiki wa karibu. Kwa waliokaa ncha mbili za ghorofa moja, ilikuwa asilimia 10, ingawa umbali wenyewe ulikuwa wa hatua chache tu. Waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu. Tabia njema ilikuwa na nafasi yake, bila shaka, lakini ngazi nayo ilikuwa na yake.

Kuhusu saa, mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas alitoa makadirio mwaka 2018, baada ya kuwauliza watu waliohamia mahali papya na wanafunzi waliokuwa ndiyo kwanza wameanza chuo. Mtu wa kufahamiana huwa rafiki wa kawaida baada ya saa kama 50 za kuwa pamoja. Rafiki hasa, saa kama 90. Rafiki wa karibu, zaidi ya saa 200. Tena si saa za aina yoyote, kwa kuwa zile za kufanya kazi ofisi moja hazikuwa na uzito sawa na za kupumzika pamoja.

Mtoto hufikisha saa 200 kabla muhula haujaisha. Mtu mzima aliyerudi kwao hukutana na rafiki yake wa zamani, wakakumbatiana, wakacheka dakika ishirini juu ya mwalimu fulani na kioo kilichovunjwa zamani, wakaahidiana kutafutana, kila mmoja akaenda zake. Nimekuwa na mikutano mingi ya aina hiyo na kila mmoja ulikuwa mtamu. Ila niliona kwamba inachota kutoka kwenye akiba ya saa za zamani na haiongezi mpya, na kwamba baada ya mwalimu yule na kioo kilichovunjwa tulibaki tukitazamana, watu wawili wazima wasiojuana.

Jambo jingine nililoliona, nalo ni la zama hizi, ni simu. Jioni zangu nyingi zilikuwa bado ni za mji nilioutoka. Huko ndiko vilikokuwa vikundi vyangu vya mazungumzo, utani wangu, ugomvi wangu mdogo mdogo. Msafiri wa zamani alipofika alikuwa amefika, hakuwa na njia nyingine. Wa leo anaweza kukaa kwao mwaka mzima huku maneno yake yote yakiishi kwingine. Majirani waliokuwa wakiona mwanga wa dirisha langu usiku walikuwa wakimwona mtu ambaye, kwa kiasi kikubwa, kweli alikuwa ameshaondoka.

Jembe

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nilifundishwa kwamba methali hii inamwonya mgeni anayekaa kupita kiasi. Siku hizi ninaisikia kwa sikio jingine, na huko ndani ninasikia ukarimu. Siku ya tatu mtu anapewa jembe, yaani anahesabiwa miongoni mwa wanaolima. Kabla ya hapo analishwa, na anayelishwa hana neno juu ya shamba.

Mimi sikupewa jembe siku ya tatu wala ya thelathini. Wenyeji walinionea haya, na sababu zao zilikuwa za wema: huyu amepumzika kidogo, huyu ni msomi, huyu atarudi kazini kwake. Kila walipokuwa na shughuli walinipa kiti. Kiti ni heshima, lakini mtu hawezi kuwa wa mahali akiwa ameketi.

Aliyelitoa jembe ni mtu ambaye hakunijua.

Alikuwa jirani aliyehamia mtaani wakati mimi nikiwa mbali. Alipita na daftari akiandika zamu za kuzibua mtaro wa maji ya mvua, akabisha hodi na kuuliza kama ninaishi katika nyumba ile. Nilijibu kwamba ndiyo. "Basi Jumamosi ni zamu ya nyumba yenu," alisema, akaandika, akapita kwenda mlango wa pili. Hakuuliza nimerudi lini wala ninaondoka lini. Hakuwa na picha yangu ya zamani ya kuilinganisha na mtu aliyesimama mbele yake. Aliona nyumba, akaona mtu, akahesabu.

Jumamosi ile, tope likiwa limefika kwenye magoti, nilisikia mambo ya mtaa kwa wingi kuliko niliyoyasikia tangu nirudi. Hakuna aliyekuwa akinieleza. Walikuwa wakizungumza tu, na mimi nilikuwapo. Nilijua nani anauguza, nani amesimamishwa kazi, kwa nini taa ya kona haiwaki na ni nani wanaolaumiana juu yake. Mtu mmoja aliniuliza maoni yangu kuhusu mahali pa kumwaga uchafu, nikayatoa, akayakataa mbele ya wote. Nililifurahia pingamizi lile kuliko salamu zote za miezi iliyopita, kwa sababu mgeni hapingwi.

Baadaye niliona kwamba wanasaikolojia David McMillan na David Chavis walikuwa na nafasi ya jambo hilo katika maelezo yao ya mwaka 1986 juu ya hisia ya jumuiya. Walitaja nguzo nne, na mojawapo ni ushawishi unaokwenda pande mbili: jumuiya inamwathiri mtu, na mtu naye anaona kwamba anaweza kuiathiri jumuiya. Nguzo nyingine tatu, uanachama, kutimiziwa mahitaji na kuunganishwa kihisia na mambo ya pamoja, zinaeleweka kwa haraka. Hii ya ushawishi ndiyo ninayodhani wanaorudi kwao huikosa bila kujua kwamba wanaikosa.

Na kuna funzo la kando kuhusu wahamiaji wapya. Nilikuwa nimewapuuza, kwa kuwa katika ramani yangu ya mtaa hawakuwamo. Kumbe wao ndio waliokuwa na milango iliyo wazi. Utafiti wa Gillian Sandstrom na Elizabeth Dunn wa mwaka 2014 ulionyesha kwamba siku ambazo wanafunzi walizungumza na wenzao wengi wa darasani kuliko kawaida yao, walijihisi wenye furaha na wenye mahali zaidi, hata kama watu hao hawakuwa marafiki. Mahusiano mepesi nayo huzaa. Rafiki wa zamani anakudai uwe yule wa zamani, ilhali jirani mpya anataka tu uje Jumamosi.

Mji unaokujua kupita kiasi

Nisieleweke kwamba ninamwita kila mtu arudi kwao. Nina mashaka, na baadhi yake hayajaniondoka.

Mji wa nyumbani una kumbukumbu ndefu isiyo na huruma. Mtu aliyedhihakiwa akiwa na miaka kumi na tano anaweza kurudi na nywele za mvi akakuta dhihaka ileile inamsubiri, tena ikitolewa kwa mapenzi. Wapo waliokimbia nyumba zilizowaumiza, na kuwaambia kwamba nyumbani ni nyumbani ni kuwaongezea jeraha. Wapo ambao mtaa ungewakubali kwa sharti moja tu, kwamba wanyamaze juu ya jambo fulani la maisha yao, na wamepima wakaona bei ni kubwa. Siwezi kusema wamepima vibaya. Ushirika unaowabana watu pamoja kwa sababu wanafanana huwa na mlango mzito kwa asiyefanana nao, na mwanasayansi wa siasa Robert Putnam alilitenganisha hilo, mwaka 2000, na aina ya pili ya ushirika, ile inayojenga daraja kati ya watu wasiofanana. Mitaa mingi ina ya kwanza kwa wingi na ya pili kwa uhaba.

Nami ninajibana katika mambo fulani. Kuna mada ambazo siziingizi katika mazungumzo ya mtaroni, na kuna mzaha ambao huwa sicheki, nikijifanya sijausikia. Sijui bado kama huko ni kujifunza kuishi na watu au ni kujipunguza. Siku nyingine naona hili, siku nyingine naona lile. Ninachojua ni kwamba katika mji ule wa mbali nilijibana pia, kwa mambo tofauti, na huko hapakuwa na mtu wa kuniuliza kulikoni nisipoonekana siku mbili.

Zamu

Daftari la zamu liko kwangu sasa. Nilikabidhiwa bila sherehe, kwa sababu mwandiko wa mwenye nalo ulikuwa hausomeki na kila mwezi kulizuka ubishi kuhusu majina. Kuwa na daftari kumenifundisha jambo ambalo kusoma kusingenifundisha: orodha ya mtaa haijiandiki yenyewe. Kuna mtu anayekaa na kukumbuka nyumba moja baada ya nyingine, na asiyekumbukwa hakuchukiwa, ni kwamba kalamu ilipita bila mtu wa kuisimamisha.

Kwa hiyo tumeanza kuzunguka na kuuliza upya, mlango kwa mlango, nani anaishi wapi. Tumegundua wapangaji wa miaka miwili ambao hawakuwahi kuandikwa. Tumemgundua mzee aliyerudi kutoka mbali baada ya kustaafu, anayekaa peke yake nyuma ya ukuta mrefu, na ambaye kila mtu alidhani yuko kwa mwanawe. Alituuliza kwa nini tulichelewa kufika, nasi hatukuwa na jibu zuri.

Mwezi ujao kuna familia inayorejea katika nyumba iliyofungwa kwa miaka mingi. Habari zao zimeshafika kabla yao, kama kawaida ya mtaa wetu, na tayari kuna mabishano kuhusu namna ya kuwapokea. Mzee mmoja anayeheshimika sana ameshauri waachwe wapumzike, wasiandikwe zamu mpaka miezi michache ipite na ijulikane kama kweli wamekuja kukaa. Nimempinga kwa adabu, mbele ya watu. Nimesema waandikwe Jumamosi ya kwanza, na suala hilo litaamuliwa kwenye kikao kijacho.